Juu ya Kaskazi na Kusi: Pepo za Anga ya Juu na Tatizo la Kuzitaja kwa Kiswahili

Makala haya yanajadili pepo zivumazo katika tabaka za juu za angahewa, jinsi zinavyobadilika kwa majira na kwa hali ya jua, na tatizo linalomkabili anayetaka kuzieleza kwa Kiswahili. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini huko. Kiswahili ni lugha iliyozipa pande za dunia majina kutokana na pepo: kaskazini na kusini ni kaskazi na kusi zilizotiwa kiambishi -ni cha mahali. Lugha ya namna hiyo haina budi kuwa na la kusema hata kuhusu upepo usioweza kujaza tanga.

Kwa mabaharia wa pwani yetu, jina la upepo lilibeba mambo mawili kwa pamoja, yaani unakotoka na wakati wake. Kaskazi ni ya Desemba hadi Machi, kusi hushika katikati ya mwaka, na baina yake huwa tangambili, upepo usipokuwa na msimamo. Tukipanda juu, mambo hayo mawili yanaachana.

Mnamo Agosti 1883 mlima wa Krakatoa ulilipuka huko Indonesia. Vumbi lake lilisafiri juu ya ikweta kuelekea magharibi na kuizunguka dunia kwa muda wa majuma mawili hivi. Wataalamu wakahitimisha kwamba huko juu upepo hutoka mashariki. Mwaka wa 1908 Mjerumani Arthur Berson akarusha maputo juu ya Ziwa Viktoria na kukuta, yapata kilomita 15 kwenda juu, upepo utokao magharibi. Ilipofika miaka ya 1960 ndipo fumbo lilipofumbuliwa: katika tabakastrato juu ya ikweta, upepo wa mashariki na wa magharibi hupokezana zamu, na zamu mbili hukamilika kwa wastani wa miezi 28. Kila zamu huanzia juu na kushuka takriban kilomita moja kwa mwezi. Kisababishi si majira bali mawimbi ya hewa yanayopanda kutoka chini, mathalani kwenye ngurumo za tropiki, kama walivyoeleza Lindzen na Holton mwaka wa 1968. Mpokezano huo ulivurugika mwaka wa 2016, na tena 2019 hadi 2020. Kumwita upepo huu "kaskazi ya juu", kama mfasiri mwenye haraka anavyoweza kufanya, ni kupotosha.

Hata hivyo, karibu kilomita 50 juu, majira hurejea kwa sura ya ajabu. Hapo upepo hutoka magharibi jua linapoivuka ikweta, yaani mwezi wa Machi na Septemba au baadaye kidogo, na hutoka mashariki jua likiwa mbali. Kwa maneno mengine, wakati ambao huku chini ni tangambili, huko juu ndio wenye upepo wake maalumu.

Je, jua lenyewe? Madoa yake huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Mwaka wa 1987 Karin Labitzke alionyesha kwamba uhusiano wa mzunguko huo na joto la tabakastrato ya ncha ya kaskazini wakati wa baridi hujitokeza pale tu miaka inapotenganishwa kwa zamu ya upepo wa ikweta. Jambo hili lingali na mjadala.

Katika tabakajoto, zaidi ya kilomita 100 juu, athari ya jua haina mjadala. Hewa hukimbia kutoka upande wa mchana kwenda upande wa usiku, na kutoka nusu ya dunia yenye kiangazi kwenda yenye kipupwe, mara nyingi kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Jua likichachamaa, joto la huko hupanda kwa mamia ya digrii. Lakini ayoni nazo huongezeka na kuuzuia upepo, hivyo kasi haipandi sambamba na joto. Setilaiti ya Kiitaliano San Marco D/L, iliyorushwa Machi 1988 kutoka Ngomeni karibu na Malindi, ilibeba vyombo vya kupima pepo hizi. Sijui ni wangapi kati yetu waliofundishwa hayo shuleni!

Hapa ndipo tatizo la istilahi linapokuwa zito. Wataalamu wa hali ya hewa huutaja upepo kwa unakotoka. Wale wa tabakajoto aghalabu huutaja kwa unakokwenda. "Upepo wa mashariki" kwa Kiswahili waweza kuwa wowote kati ya hizo mbili, na mfasiri asiyekuwa makini ataugeuza upepo mzima. Lugha inatupa njia nyepesi: "upepo utokao mashariki" na "upepo uelekeao mashariki". Ni maneno marefu, nakiri, lakini napendekeza yashikwe katika tafsiri na mihadhara. Ule mpokezano wa miezi 28 ungali unahitaji jina. "Pepo za zamu" ndilo ninaloliweka mbele ya wanaistilahi walikatae au walikubali.