MAMA ALIYEZAA KWA UPASUAJI: NGUVU HURUDI HATUA KWA HATUA



Katika somo la leo tutazungumza juu ya mama aliyejifungua kwa kupasuliwa. Tutajifunza jinsi mwili wake unavyopona, mazoezi yanayomfaa, kazi za kuanza na wakati wa kuzianza, na dalili za hatari. Somo hili si la akina mama peke yao. Akina baba, mama wakwe na vijana nao walisome. Sababu yake utaiona hapa chini.

Tuanze na mfano.

Mama mmoja amejifungua kwa upasuaji. Siku ya 4 anaruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi amemwambia asinyanyue kitu kizito kwa muda wa wiki 6. Nyumbani anapokewa kwa vigelegele. Lakini siku ya 12 maji yamekwisha mtungini. Mume hayupo. Jirani anapita na kusema, "Sisi tulizaa wenyewe, na siku ya 7 tulikuwa shambani. Ninyi wa kupasuliwa mmezoea kudeka." Mama anaona aibu. Anachukua ndoo anakwenda kisimani. Anapojitwisha, anasikia kitu kinavutika tumboni. Mshono umeachia. Baada ya siku mbili unatoa usaha, na mama ana homa kali. Sasa watu wa nyumbani wanatafuta pesa ya gari ili arudishwe hospitali.

Je, kosa ni la nani? Tusome kwanza, kisha tutajibu.

KUZAA KWA UPASUAJI NI KUZAA

Mganga hampasui mama kwa sababu mama ni mvivu. Anampasua ili kuokoa maisha. Pengine mtoto amelala vibaya tumboni. Pengine kondo la nyuma limeziba njia. Pengine mama ana kifafa cha mimba, au uchungu umechukua muda mrefu na mtoto amechoka. Zamani wengi wa akina mama hawa walikufa, au mtoto alikufa, au wote wawili.

Kwa hiyo mama, usiinamishe kichwa. Umebeba mimba miezi 9 kama wenzako. Umezaa kama wenzako. Juu ya hayo, umebeba kidonda ambacho wenzako hawana.

NINI KIMEKATWA?

Kidonda unachokiona kwenye ngozi ni sehemu ndogo tu. Mganga hukata ngozi, kisha mafuta yaliyo chini yake, kisha utando mgumu unaoshika tumbo. Misuli ya tumbo husogezwa kando. Mwishoni hukatwa mfuko wa uzazi wenyewe, naye mtoto hutolewa. Baada ya hapo sehemu hizo hushonwa kwa nyuzi.

Fikiria ukuta wa udongo uliozibwa leo. Kwa nje unaweza kukauka kesho. Kwa ndani bado ni mbichi. Ukiuegemea, unabomoka. Mshono ni hivyo hivyo. Ngozi huweza kuonekana imefunga kwa wiki 2, lakini sehemu za ndani zinahitaji wiki 6 na zaidi. Nguvu kamili hurudi baada ya miezi kadhaa.

MWILI WAKO UTAKUWAJE?

Akina mama wengi hutishika wanapojitazama. Tumbo bado ni kubwa. Ngozi imelegea. Karibu na kovu pamekufa ganzi. Usiogope. Mfuko wa uzazi huchukua wiki 6 hivi kurudi katika ukubwa wake. Ganzi hupungua polepole, ingawa wengine hubaki nayo kidogo. Kovu huwa jeusi au jekundu mwanzoni, kisha hufifia kadiri miezi inavyopita. Wengine kovu lao huota na kuwa nene. Likikuwasha au likikua, mwonyeshe mganga.

Usijilinganishe na msichana asiyezaa. Tumbo lile limelea mtu.

MAZOEZI

Mazoezi ya mwanzo hayahitaji vyombo. Yanahitaji mkeka na dakika chache. Ukisikia maumivu makali, acha na upumzike.

Siku za kwanza
1. Amka utembee kidogo siku ya kwanza au ya pili, muuguzi akikuruhusu. Kulala tu kunaweza kugandisha damu miguuni, na damu iliyoganda ni hatari.
2. Ukiwa kitandani, kunja na kukunjua nyayo zako mara nyingi.
3. Vuta pumzi ndefu, kisha itoe polepole.
4. Ukitaka kuamka, usijikunje kwa nguvu za tumbo. Geukia ubavu kwanza, teremsha miguu, kisha jisukume kwa mikono.
5. Ukitaka kukohoa au kucheka, bonyeza khanga iliyokunjwa juu ya kidonda.

Wiki ya 1 hadi ya 3
1. Tembea kuzunguka nyumba. Kila siku ongeza hatua kidogo.
2. Kaza misuli ya chini, ile unayoikaza unapozuia mkojo au upepo. Hesabu hadi 5, kisha legeza. Fanya mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Anza baada ya mpira wa mkojo kutolewa. Mimba huichosha misuli hii, hata kama hukuzaa kwa njia ya kawaida. Ikiwa dhaifu, mkojo hukutoka unapokohoa au unapobeba mzigo.
3. Lala chali, magoti yakiwa juu. Unapotoa pumzi, vuta kitovu ndani polepole. Hesabu hadi 5, legeza. Fanya mara 10.

Wiki ya 4 hadi ya 6
1. Endelea na hayo ya kwanza.
2. Ukiwa umelala chali na magoti juu, bonyeza kiuno chako kwenye mkeka mpaka pasiwe na nafasi chini yake. Kisha legeza. Zoezi hili hupunguza maumivu ya mgongo.
3. Pinda magoti yote mawili kulia, kisha kushoto, polepole.
4. Tembea dakika 10, kisha 15, kisha 30, kadiri nguvu zinavyoruhusu.

Baada ya wiki 6
Kwanza nenda kliniki ukapimwe. Ukiambiwa umepona vizuri, unaweza kuongeza zoezi la kuinua makalio ukiwa umelala chali. Bado usifanye zoezi la kulala chali na kuinuka ghafla. Zoezi hilo linaweza kutanua misuli ya tumbo iliyoachana wakati wa mimba.

Jipime hivi: lala chali, magoti juu, inua kichwa kidogo, kisha weka vidole katikati ya tumbo juu ya kitovu. Ikiwa pengo linaingia vidole zaidi ya viwili, au tumbo linachongoka katikati, endelea na mazoezi mepesi na umweleze mganga.

KAZI

Mama aliyeajiriwa hapa Tanzania ana haki kisheria ya siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Akizaa mapacha, siku ni 100. Mama mkulima hana mwajiri wa kumwandikia barua ya likizo. Likizo yake inatoka kwa watu wa nyumbani mwake.

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20. Mtoto mchanga ana kilo 3 hivi. Kwa wiki 6 za kwanza mama asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake. Asiteke maji kwa ndoo kubwa, asibebe kuni, asitwange, asilime.

Baada ya wiki 6 aanze kidogo kidogo. Achukue lita 5, kisha lita 10. Ashike jembe muda mfupi katika udongo laini. Ndoo kubwa na kazi ya kutwa shambani zisubiri hadi miezi 3 hivi, na hata hapo aanze polepole.

Wewe baba, umesikia hesabu hii. Kuteka maji wiki 6 hakukupunguzii uanaume. Kurudisha mke hospitali kunapunguza fedha, kunapunguza mavuno, na kunaweza kukupunguzia mke.

MILA: TUSHIKE ZIPI, TUACHE ZIPI?

Kwetu mama mzazi hupikiwa uji, hupumzishwa na hulelewa. Mila hiyo ni nzuri. Tuishike.

Lakini kumkanda tumbo kwa maji ya moto ni hatari kwa aliyepasuliwa. Ngozi yenye ganzi haisikii moto, hivyo mama anaweza kuungua. Pia kukandamiza kunaweza kufungua mshono. Mama akisumbuliwa na maumivu, anywe dawa aliyopewa hospitali.

Je, mkaja? Kitambaa laini kilichofungwa bila kubana kinaweza kumsaidia mama kutembea siku za mwanzo. Kubana sana hakurudishi tumbo. Kunazuia pumzi na kusukuma mzigo kwenye misuli ya chini. Kinachorudisha tumbo ni muda na mazoezi.

Usipake kidonda majani, majivu wala mafuta. Kioshe kwa maji safi na sabuni, kikaushe kwa kitambaa safi, vaa nguo isiyobana. Nyuzi nyingine huyeyuka zenyewe, nyingine hutolewa na muuguzi. Uliza za kwako ni zipi.

CHAKULA

Kidonda hujengwa kwa chakula. Kula maharage, dagaa, mayai, karanga au nyama kadiri unavyopata. Kula mchicha, matembele au majani ya kunde pamoja na machungwa au maembe, ili damu iongezeke. Meza vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa. Kunywa maji ya kutosha na kula papai, ili choo kiwe laini usijikamue. Usijinyime chakula ili upungue unene. Mtoto anategemea maziwa yako, na kwa miezi 6 ya kwanza hayo yanamtosha bila hata maji. Mnyonyeshe ukiwa umelala ubavu ili asilalie kidonda.

MIMBA NYINGINE

Mkutane na mume wako pale damu itakapokuwa imekoma, kidonda kimepona, na wewe mwenyewe uko tayari. Wengi husubiri kipimo cha wiki ya 6. Kumbuka, mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona hedhi. Pumzisha mfuko wa uzazi angalau miaka 2 kabla ya kubeba mimba nyingine. Wewe na mume wako mwulizeni muuguzi njia ya uzazi wa mpango inayowafaa. Mimba ijayo, usizalie nyumbani hata kidogo. Kovu la ndani linaweza kuchanika wakati wa uchungu. Zalia hospitali yenye chumba cha upasuaji.

DALILI ZA HATARI

Nenda zahanati au hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:
- homa au kutetemeka;
- mshono kuvimba, kuachia, kunuka au kutoa usaha;
- damu nyingi, hata pedi au kitambaa kulowa kabisa ndani ya saa moja;
- uchafu wenye harufu mbaya ukeni;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma;
- kifua kuuma au kushindwa kupumua;
- kichwa kuuma sana, kuona giza au degedege;
- mkojo kuvuja wakati wote.

Vilevile, mama akiwa na huzuni, akilia bila sababu au akimchukia mtoto kwa zaidi ya wiki 2, huo ni ugonjwa wenye tiba. Akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe siku hiyo hiyo. Asichekwe.

TURUDI KWENYE MFANO WETU

Kosa ni la nani? Mama alijua alichoambiwa, lakini mtungi ulikuwa mtupu. Mume hakuuliza nani atateka maji. Jirani alisema bila kujua. Kumbe mwili wa mama mmoja unapona kwa mikono ya watu wengi.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasoma, wakajadili, kisha wakatenda. Somo hili nalo tulisome hivyo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mama asibebe ndoo ya lita 20 siku ya 12, hata kama ngozi imefunga?
2. Taja mazoezi matatu ya wiki za kwanza. Yaonyeshe kwa vitendo.
3. Katika kijiji chenu, mama aliyepasuliwa hutekewa maji na nani? Kama hakuna, mtapangaje zamu?
4. Utamjibu nini mtu anayesema kwamba aliyepasuliwa hakuzaa?

Haba na haba hujaza kibaba. Hatua kumi leo, ishirini kesho, na siku moja mama utashika tena jembe lako bila maumivu.