Sampuli ya dhahabu: kosa huanzia duarani

Wilayani Nzega, kaskazini mwa mji wa Tabora, ndiko ulikokuwa mgodi wa Golden Pride, na hadi leo wachimbaji wadogo wanafuata mwamba huko. Anayetaka kujua mwamba wake una dhahabu kiasi gani hupeleka sampuli maabara, kwa mfano ile ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma. Maabara hupima kilichomo mfukoni tu. Makosa mengi hufanyika kabla mfuko haujafungwa.

1. Jisafishe. Vua pete na mkufu wa dhahabu. Osha nyundo na patasi kila unapohamia sehemu nyingine. Tumia mifuko mipya, si viroba vilivyobeba marudio (mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuchenjuliwa).

2. Kata mwamba kwa upana wake. Usiokote mawe yanayong'aa peke yake. Chonga mfereji wenye upana na kina kilekile, toka ukingo mmoja wa mwamba hadi wa pili. Mawe ya pembeni yapate mfuko wake. Kilo 2 hadi 3 kwa mfuko zinafaa. Dhahabu ikiwa ya punje kubwa, ongeza, maana punje moja hubadili jibu zima.

3. Andika. Namba iwe nje ya mfuko na kwenye kikaratasi cha ndani. Daftarini weka tarehe, duara (shimo la kuchimbia), kina na upana uliokata.

4. Epuka karasha, mashine ya kusaga mawe. Hubaki na vumbi la mzigo wa jana. Peleka mawe kama yalivyo.

5. Ijaribu maabara. Ongeza sampuli pacha yenye namba tofauti, na jiwe lililokwisha kupimwa likakutwa halina dhahabu. Pacha zikipishana sana, au jiwe tupu likisoma dhahabu, omba vipimo virudiwe.

Maabara husaga mawe yawe unga laini, kisha huyeyusha gramu 30 au 50 tu kwenye tanuri pamoja na oksidi ya risasi, inayokusanya dhahabu. Gramu hizo chache ndizo zinazosemea tani nzima.

Jibu huja kwa gramu kwa tani. Tuseme mwamba wa sentimita 20 umesoma 12, na mawe ya pembeni, mita 1, yamesoma 0.5. Ukilazimika kuchimba vyote pamoja, wastani ni kama 2.4. Gharama za kuchimba na kusaga zipigie hesabu kwa 2.4, si kwa 12.