Kuuza Silaha Nje ya Nchi Kihalali: Mfanyabiashara Mdogo Aanzie Wapi?

Mfanyabiashara wetu anapotaka kuuza bidhaa nje ya nchi, mara nyingi huanza kwa kutafuta bei, kisha mnunuzi, kisha usafiri. Makaratasi humalizia. Kwa parachichi au asali, mtindo huo unaweza kumletea hasara. Kwa silaha, unaweza kumpeleka jela. Hapa mambo hupangwa kinyume: vibali kwanza, mnunuzi ajulikane na athibitishwe, na mzigo uondoke mwisho.

Somo hili linawahusu watu wa aina tatu: anayefikiria kuingia katika biashara ya bunduki za uwindaji na za kulenga shabaha, kijana anayeona mtandaoni matangazo ya kumwalika awe wakala wa mauzo hayo, na mwananchi mwenye jamaa ng'ambo anayemwomba amtumie "kifaa kidogo tu" cha bunduki. Wote watatu wanahitaji kujua sheria inasema nini kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kibali cha kaunti si leseni ya silaha

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya kukuza na kusimamia biashara, ikiwemo kutoa leseni za biashara. Usalama na polisi ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo kibali cha biashara unachokata kaunti kinahusu jengo na shughuli zako kama biashara nyingine yoyote. Hakikupi ruhusa ya kushika, kuuza wala kusafirisha hata risasi moja.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Chini yake kuna Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, ambayo huwachunguza waombaji, hutoa na kufuta leseni, na kuweka rekodi za wamiliki na wauzaji raia. Huko ndiko safari inakoanzia. Anayekuahidi leseni ya silaha kupitia ofisi ya wadi, au kwa "mtu wake" kwenye kaunti, anakudanganya.

Hatua ya kwanza: usajiliwe kuwa muuzaji

Kumiliki na kuuza ni mambo mawili tofauti. Mwenye cheti cha kumiliki bastola kwa ulinzi wake hajaruhusiwa kuifanya bastola kuwa bidhaa. Anayetaka kuuza, kuhamisha, kukarabati au kuunda silaha kama biashara sharti asajiliwe kuwa muuzaji, na mahali pa biashara pajulikane.

Tarajia historia yako kuchunguzwa, na ghala lako na jinsi unavyotunza rekodi kukaguliwa. Uchunguzi huo pia si wa mara moja. Mwaka 2018 serikali iliagiza wamiliki wote wa silaha raia wakaguliwe upya, hata waliokuwa na vyeti kwa miaka mingi. Ukiingia katika kazi hii, jiandae kuulizwa tena na tena.

Daftari la muuzaji ndilo roho ya biashara yenyewe. Kila bunduki inayoingia na kutoka iandikwe: aina, kipimo, nambari, ilitoka kwa nani, imekwenda kwa nani, lini, kwa kibali gani. Muuzaji ambaye daftari lake halilingani na kilicho kwenye sefu hana nafasi ya kuomba kuuza nje.

Hatua ya pili: ujue mpangilio wa vibali

Kuingiza silaha nchini au kuitoa kunahitaji kibali maalum, mbali na usajili wa duka. Kenya pia imefungwa na mikataba miwili muhimu. Wa kwanza ni Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu Silaha, iliyopitishwa mwaka 2001. Wa pili ni Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini Aprili 21, 2004 na kuanza kutumika Mei 5, 2006. Itifaki hii inazihusu nchi za Maziwa Makuu, Pembe ya Afrika na jirani zao, na kituo kinachoisimamia, RECSA, kiko hapa Nairobi.

Kwa mfanyabiashara, kanuni za mikataba hiyo zinaweza kufupishwa hivi:

1. Nchi ya mnunuzi hutangulia. Kabla ya nchi inayouza kutoa kibali cha kutoa silaha, sharti ithibitishe kuwa nchi inayonunua imekwisha kutoa kibali cha kuingiza.

2. Nchi za njiani huulizwa. Mzigo ukipita nchi ya tatu, nchi hiyo inapaswa kueleza kwa maandishi, kabla ya safari, kwamba haina pingamizi.

3. Kibali kina mambo yasiyokosekana: mahali na tarehe kilipotolewa, siku kitakapokwisha, nchi itokako silaha, nchi iendako, mpokeaji wa mwisho, maelezo na idadi ya silaha, na nchi zitakazopitiwa.

4. Kila silaha ina alama. Kiwandani hupigwa jina la mtengenezaji, mahali ilipotengenezwa na nambari yake. Ikiingizwa nchi nyingine huongezwa alama ya kuitambulisha nchi hiyo.

5. Vipuri na risasi pia huhesabiwa. Mtutu au risasi sanduku moja haviwi "bidhaa ya kawaida" kwa sababu si bunduki kamili.

6. Rekodi hutunzwa muda mrefu. Itifaki ya Umoja wa Mataifa inazitaka nchi kuhifadhi taarifa hizo kwa miaka isiyopungua 10.

Mfano: bunduki 10 kwenda Arusha

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuzaji aliyesajiliwa Kenya amepata mnunuzi Arusha, naye pia ni muuzaji mwenye leseni, anayetaka bunduki 10 za uwindaji. Biashara yenyewe inaeleweka: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, ilhali Tanzania bado inauruhusu kwa leseni.

Muuzaji wetu hatakiwi kuanza na lori la Namanga. Kwanza anamtaka mnunuzi apate kibali cha kuingiza kutoka kwa mamlaka ya Tanzania, chini ya sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi. Nakala ikifika, anaambatanisha ankara, orodha ya nambari za bunduki zote 10 na maelezo ya njia itakayotumika, kisha anaomba kibali cha kutoa. Akipewa, ndipo wakala wa forodha anapoandaa hati za KRA.

Kwenye forodha, silaha zina sura yake, Sura ya 93. Bastola ziko chini ya 9302, bunduki za uwindaji na michezo 9303, vipuri 9305 na risasi 9306. Kuandika bunduki kama "vifaa vya michezo" ili mzigo upite haraka ni udanganyifu wa forodha, hata kama vibali vingine vyote viko sawa.

Wafanyabiashara wadogo wanaovuka Namanga, Busia au Taveta wanajua urahisi wa cheti kifupi cha asili kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000. Urahisi huo ni wa bidhaa za kawaida zilizokubaliwa katika orodha ya pamoja. Silaha hazimo. Bunduki moja inafuata njia ileile ya bunduki mia.

Nambari ndizo huwaangusha wengi. Ankara ikisema nambari moja, kibali kingine, na mtutu ukawa na ya tatu, mzigo unasimama na mwenyewe anaanza kuhojiwa. Kagua bunduki moja baada ya nyingine, mkononi, na mtu wa pili akisoma orodha. Risasi zifungwe na kutangazwa peke yake, kwani katika usafiri wa ndege huhesabiwa kama bidhaa hatari na si kila kampuni ya usafirishaji hukubali kuzibeba.

Mtumiaji wa mwisho ni nani?

Swali hili ndilo kiini cha somo zima. Cheti cha mtumiaji wa mwisho ni ahadi rasmi inayosema silaha itatumiwa na nani, wapi, na kwamba haitahamishwa bila idhini. Cheti hiki hutoka kwa mamlaka ya nchi inayopokea au kuthibitishwa nayo. Hakiuzwi na dalali. Anayekupa cheti "kilichokwisha tayari" kwa ada amekuletea kesi.

Wakenya wengi wanaikumbuka meli ya MV Faina, iliyotekwa na maharamia wa Kisomali Septemba 2008 ikiwa njiani kuja Mombasa na vifaru 33. Serikali ya Kenya ilisema vifaru hivyo ni vya jeshi lake. Lakini katika karatasi za shehena zilionekana herufi GOSS, na mjadala ukazuka duniani kote kama hazikuwa kifupi cha Serikali ya Sudan Kusini. Ikiwa herufi nne tu zinaweza kuzua hoja kati ya mataifa, mfanyabiashara mdogo asidhani karatasi yake haitasomwa.

Tazama pia majirani zetu. Sudan Kusini iko chini ya vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa tangu Julai 2018. Vikundi vyenye silaha mashariki mwa Kongo viko chini ya vikwazo tangu 2003. Somalia ilikuwa chini ya vikwazo tangu 1992; mwaka 2023 serikali yake iliondolewa, lakini Al-Shabaab bado imezuiwa. Mnunuzi anayetaja Kampala huku akisisitiza mzigo ushukie karibu na mpaka wa nchi nyingine, anayelipa taslimu kupita bei ya soko, au asiyejali aina ya bunduki mradi ziwe nyingi, si wa kuuziwa. Ni wa kuripotiwa.

Tunasisitiza hili kwa sababu tunajua linaishia wapi. Februari 2023 serikali ilitangaza maeneo ya Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu kuwa hatari kwa sababu ya ujangili wa kutumia silaha. Shule zilifungwa na mifugo ikaibwa kwa mtutu. Bunduki haramu nyingi ziliwahi kuwa halali mahali fulani, zikaponyoka kwa mkono wa mtu ambaye hakuuliza zinakokwenda. Novemba 2016 silaha haramu 5,250 ziliteketezwa Ngong. Kila moja ilipata njia ya kuingia mikononi isikostahili.

Kwa wenye jamaa Marekani

Video nyingi za "namna ya kuanza" mtandaoni zinaeleza sheria za Marekani, na hazikuhusu ukiwa Kenya. Lakini zinamhusu ndugu yako aliye Texas au Minnesota.

Huko, leseni ya muuzaji inamruhusu mtu kufanya biashara ndani ya nchi. Kutuma nje ni jambo jingine. Tangu Machi 9, 2020, bunduki nyingi za kiraia, zisizo za kufyatua mfululizo, zilihamishwa kutoka usimamizi wa Wizara ya Mambo ya Nje kwenda Wizara ya Biashara. Gharama ilipungua kwa wafanyabiashara wadogo, lakini haja ya kibali haikuondoka. Mei 2024 muda wa vibali hivyo ulipunguzwa kutoka miaka 4 hadi mwaka 1, na mwaka 2025 agizo hilo likafutwa. Anayefuata video ya mwaka juzi anafuata sheria ambayo huenda haipo tena.

Udhibiti huo hugusa pia darubini za bunduki, magazini na risasi. Anayekiuka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20 na kutozwa faini ya hadi dola milioni 1 kwa kila kosa. Kwa hiyo usimwombe shangazi afiche darubini ya bunduki kwenye pipa la nguo. Utakuwa umemweka yeye hatarini huko, na wewe hapa.

Je, inafaa kuanza?

Biashara hii ni halali na wapo wanaoifanya vizuri. Hata hivyo, mtaji wake hukaa muda mrefu ukingoja vibali, soko lake ni dogo, na kosa moja la maandishi linaweza kufunga duka. Mwenye mtaji mdogo ni afadhali ajijengee kwanza jina hapa nyumbani: asajiliwe, atunze daftari safi na kupita ukaguzi mara kadhaa. Wakati huohuo ajifunze kuuza nje kwa bidhaa isiyo na hatari. Maafisa wa Idara ya Biashara ya kaunti wanaweza kukusaidia kusajili biashara, kupata PIN ya KRA na kuelewa taratibu za forodha. Kuhusu silaha zenyewe, watakuelekeza kwa Bodi, na hapo ndipo mamlaka yao yanapokoma.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kibali cha nchi ya mnunuzi hutangulia kibali cha nchi ya muuzaji?
2. Taja mambo manne yasiyokosekana katika kibali cha kutoa silaha nchini.
3. Mnunuzi akikuletea cheti cha mtumiaji wa mwisho alichonunua kwa dalali, utafanya nini?
4. Kwa nini cheti kifupi cha asili cha mpakani hakiwezi kutumika kwa bunduki moja ya uwindaji?

Ukishindwa kujibu swali la tatu bila kusita, usianze bado. Ukijua mtu anayesafirisha silaha kwa njia ya panya, piga ripoti kwa kituo cha polisi kilicho karibu nawe au kwa chifu. Atakayeokolewa huenda ni mtoto wa jirani yako.