Somo: Makala, msitu, na kura yetu ya jimbo



Wakati wa kampeni, wagombea wanakuja na tisheti, na chumvi, na ahadi za barabara. Juu ya msitu, wengi wanasema neno moja tu: «Tutalinda mazingira.» Neno hilo halitoshi. Katika somo hili tunaangalia mbunge wa jimbo anaweza kufanya nini juu ya miti na makala hapa Haut-Katanga. Hatumwambii mtu amchague nani. Tunataka tu mkulima ajue kuuliza.

1. Mbunge wa jimbo ana nguvu gani?

Wabunge wa jimbo wanachaguliwa kwa miaka 5. Kura ya mwisho ilipigwa tarehe 20 Desemba 2023. Kazi zao kubwa ni nne: kupitisha sheria za jimbo (zile zinaitwa édits), kupitisha bajeti, kukontrole serikali ya jimbo, na kuchagua gavana.

Kode ya misitu ya mwaka 2002 ilitoka Kinshasa. Mgombea wa jimbo akiahidi kuibadilisha, anaahidi kitu ambacho hakiko mkononi mwake. Lakini Katiba yetu, kifungu 203, inaweka ulinzi wa mazingira kati ya kazi ambazo taifa na jimbo wanafanya pamoja. Basi yule anayesema «hiyo ni mambo ya Kinshasa» naye anakwepa.

2. Makala inagusa shamba namna gani?

Lubumbashi watu wengi wanapikia makala, na makala hiyo inatoka katika miombo yetu. Katika tanuru ya udongo, kilo 100 za kuni zinatoa karibu kilo 10 mpaka 20 za makala tu. Kwa hiyo gunia moja linakula miti mingi. Pale miti imeisha na udongo umebaki wazi, mvua za kwanza zinabeba udongo wa juu, na ndio wenye rutuba. Uyoga, asali na madudu ya kula vinapotea pia.

Lakini tuseme ukweli: wakulima wengi wanachoma makala. Mahindi yakiharibika, ao mtoto akirudishwa nyumbani juu ya minerval, gunia la makala ndilo linaokoa. Sheria inayosahau hilo haitadumu.

3. Njia tatu mbele ya jimbo

Kukataza. Ni rahisi kuahidi. Lakini katazo halizimi jiko la mjini. Makala inapita usiku, bei inapanda, na mkulima maskini ndiye anayekamatwa kwenye bariere.

Kutoza kodi na vibali. Feza inaingia kwa jimbo. Ni vizuri kama sehemu yake inarudi kijijini kwa pepinieri na kwa wafundi wa misitu. Kama hairudi, tutalipa kodi na miti itaendelea kuisha.

Kuwapa watu msitu wao. Dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wanaoushika kwa desturi, mpaka hektari 50.000. Anayetia sahihi ni gavana, yule yule anayechaguliwa na wabunge wa jimbo. Wakisha kuupata, watu wanaugawanya: sehemu moja inakatwa, zingine zinapumzika. Miombo inachipuka yenyewe juu ya visiki, kama hatung'oi visiki na kama moto wa Septemba na Oktoba hauchomi machipukizi. Ugumu wake: inaomba ramani, mikutano mingi na uvumilivu. Bila msaada, dosie inalala ofisini.

Kwetu sisi maagronomi, njia ya tatu ikisaidiwa na feza ya ile ya pili ndiyo inafaa zaidi, sababu anayekula kutoka msitu ndiye ana haja ya kuulinda. Lakini zungumzeni wenyewe. Kila kijiji kina hali yake.

4. Maswali ya kumuuliza mgombea

— Utakubali bajeti ambayo haina feza ya pepinieri?
— Kodi ya makala inaingia wapi, na nani atatuonyesha hesabu?
— Utaunga mkono gavana anayekubali kutia sahihi misitu ya jamii?
— Ukitaka kukataza makala, mama anayeishi na makala atakula nini msimu huo?
— Utarudi hapa mara ngapi kutoa ripoti?

5. Kazi ya koperative

Katika mkutano wenu ujao, someni maswali haya kwa sauti. Ongezeni yenu, hasa ya wamama, sababu wao ndio wanatafuta kuni kila siku. Chagueni wanawake wawili na wanaume wawili wa kuyapeleka kwa kila mgombea, wa kila chama, bila ubaguzi. Majibu yaandikwe katika kaye ya koperative, na tarehe na jina la aliyejibu.

Msiitupe kaye hiyo nyuma ya kura. Kila mwaka, wakati bajeti ya jimbo inajadiliwa, ifungueni, mumwandikie mbunge barua, na mumkumbushe aliyoyasema.