SOMO LA AFYA: MBONA MGONJWA ANAPIGWA PICHA HALAFU ANAAMBIWA ANGOJE?



Katika vikundi vyetu vya Mji wa Kale na Kisiwani kote, jambo hili latujia mara kwa mara. Mama amepatikana na kansa ya mlango wa kizazi. Kikundi kimechanga nauli, amesafiri kilomita 480 hivi hadi Nairobi ili achomwe kwa mionzi. Kufika kule anapigwa picha, anachorwa alama kiunoni, halafu anaambiwa, "Nenda, tutakuita." Nyumbani maneno yanaanza: amefukuzwa, ugonjwa umeshindikana. Wengine hapo ndipo wanapoacha hospitali na kwenda kwa mganga.

Sehemu ya kungoja huko ni foleni, hilo halifichiki. Lakini sehemu nyingine ni kazi, nayo ni hesabu.

Wavuvi wetu wataelewa upesi. Mwanga wa jua ukiingia baharini hupungua kadiri unavyoshuka. Maji safi huupitisha mbali, na maji ya matope, kama ya Tudor wakati wa masika, huuzuia karibu. Miale ya mashine nayo iko hivyo mwilini. Nyama huipunguza, mfupa huipunguza zaidi, na pafu, kwa kuwa limejaa hewa, huipitisha kwa urahisi. Tena miale mingine hugongana na kutawanyika pembeni. Uvimbe uko ndani, na mbele yake na nyuma yake kuna kibofu na utumbo ambavyo havina kosa lolote. Ikipungua, kansa inabaki. Ikizidi, utumbo unaungua.

Kwa hiyo daktari huchora juu ya picha mahali uvimbe ulipo, na mtaalamu wa fizikia wa hospitali huiingiza picha katika kompyuta. Kompyuta hujenga mfano wa mwili wa mama yule, yeye peke yake, na kujaribu miale kutoka upande huu na upande ule kabla hajaguswa. Njia moja ya hesabu hufuata chembe za mwanga mamilioni, moja moja, kama mtu anayerusha dadu kila inapogonga kitu. Yaitwa Monte Carlo, jina la mji wa kamari. (Hapa angalau kamari imeleta faida.) Dawa hupimwa kwa grei, mara nyingi karibu grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, kama mara 25.

Lakini kompyuta hujibu kwa kile ilichopewa tu. Huko Panama, mwaka 2000 hadi 2001, wafanyakazi waliingiza vipimo vya vikinga-miale kwa namna ambayo programu haikutengenezewa. Programu ikakubali bila kulalamika, ikatoa muda mrefu kupita kiasi, na hakuna aliyehakiki kwa mkono. Wagonjwa 28 waliumizwa, wengine wakafa. Na Costa Rica, mwaka 1996, hata kosa la kompyuta halikuwapo. Dakika 0.3 ilichukuliwa kuwa sekunde 30. Mweka hazina wa kikundi apige hesabu hiyo: ni sekunde 18. Wagonjwa 115 walipata mionzi iliyozidi.

Mashine zenyewe pia hubadilika. Ile ya kobalti hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila mwezi, na baada ya miaka mitano na kitu hubaki nusu. Ndiyo maana kupima hakuishi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Shirika la Afya Duniani, tangu 1969 hutuma vipimo vidogo kwa posta kwa hospitali za nchi nyingi. Vikirudi na tofauti ya zaidi ya asilimia 5, hospitali huulizwa.

Sasa sehemu yetu. Hesabu ilifanywa kwa mwili uliolala namna fulani, basi kila siku ulale vivyo hivyo. Zile alama ndizo zinazoonyesha njia. Zisisuguliwe kwa singo wala liwa, zisipakwe piko, na jasho la Mombasa likizifuta, mgonjwa asijichoree mwenyewe bali awaambie wahudumu. Akiambiwa aje kibofu kimejaa, maji ayanywe kweli, maana siku ya picha kilikuwa kimejaa. Akikonda sana, au akitaka kufunga Ramadhani au Kwaresima, aseme mapema. Na asiruke siku bila kumwambia daktari, hata kama amejisikia nafuu.

Mjadiliane: je, mfuko wenu una pesa za safari moja tu, au pia za kungoja na zile wiki tano? Nani katika kikundi ana jamaa Nairobi anayeweza kumpokea mgonjwa? Je, usajili wake wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, umekamilika?