Bakteria Walio Tiba ya Utumbo

Katika utumbo mpana wa mtu mwenye afya huishi matrilioni ya bakteria, na wengi wao ni wasaidizi: huchachusha nyuzinyuzi za chakula ambazo mwili hauwezi kuzimeng'enya, hutengeneza baadhi ya vitamini, na huwanyima vimelea vya maradhi nafasi ya kustawi. Antibayotiki, yaani dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaliane, huwaangamiza wasaidizi hao pamoja na waleta maradhi, na hapo Clostridioides difficile, bakteria ambaye sumu yake hujeruhi ukuta wa utumbo, hupata mwanya wa kusababisha kuhara kukali ambako kwa baadhi ya wagonjwa hurudi tena na tena hata baada ya matibabu.

Ni kwa ugonjwa huu ambapo bakteria wenyewe wamethibitika kuwa tiba. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Ben Eiseman na wenzake, huko Denver, Marekani, waliripoti wagonjwa wanne waliopona baada ya kuingiziwa kinyesi cha watu wenye afya. Lakini ulinganisho madhubuti ulipatikana mwaka 2013, watafiti wa Uholanzi walipoonyesha kwamba wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa upandikizaji mmoja tu wa kinyesi, ilhali kwa dawa ya vancomycin peke yake walipona 4 kati ya 13. Tiba hii, japo huchukiza kwa kuisikia, inastahili heshima kubwa, kwa kuwa hurudisha jamii nzima ya viumbe, wakiwemo wale wanaobadili asidi za nyongo ziwe za aina inayozuia kimelea hicho kukua. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha vidonge vya kumeza vyenye bakteria hao.

Upandikizaji haufai kamwe kujaribiwa nyumbani. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepokea kinyesi chenye bakteria sugu ambao hawakuwa wamepimwa. Mtindi nao, ingawa ni chakula chema, una aina chache tu za bakteria na hauchukui nafasi ya tiba hiyo.

Mtu anayeanza kuhara akiwa anatumia antibayotiki, au wiki chache baada ya kuzimaliza, amweleze mhudumu wa afya kuhusu dawa hizo, na wanaomuuguza wanawe mikono kwa sabuni na maji, kwa sababu vitakasa mikono vya spiriti haviui mbegu za Clostridioides difficile.