Poka ya Mtandaoni: Je, Akili Yaihalalisha?

Ama baad. Tumeulizwa na baadhi ya vijana wetu juu ya mchezo wa karata uitwao poka, unaochezwa kwa simu kwa fedha taslimu. Wao husema: "Hii si kamari, kwani ni mchezo wa akili; na tena dau lenyewe ni senti mbili za Kimarekani." Haifai kulihukumu jambo kabla ya kulijua, basi natuanze kwa kueleza jinsi meza hiyo iendavyo.

Meza ya fedha si kama mashindano yenye mwanzo na mwisho. Mtu huingia saa yoyote na huondoka saa yoyote, na kiti chake hukaliwa na mwingine. Katika namna iliyo mashuhuri, iliyopewa jina la Texas, killa mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha hufunuliwa tano za wote: tatu kwanza, halafu moja, halafu moja. Kabla ya ufunuo wa kwanza, na baada ya killa ufunuo, watu huweka dau, au huongeza, au hutupa karata zao. Ili fungu la katikati lisiwe tupu, wawili kwa zamu hulazimishwa kutoa kabla hawajaziona karata: mmoja senti 1, wa pili senti 2. Kwa kawaida mtu huketi na dau hilo kubwa mara 100, yaani dola 2. Mwenye karata dhaifu aweza kulichukua fungu kwa kuwatisha wenziwe tu. Na hapo ndipo panapodaiwa akili.

Sasa tufanye hesabu. Watu sita wameketi, killa mmoja na dola 2; mezani pana dola 12. Hapana kilimo hapo, wala bidhaa, wala kazi ya kuzizidisha. Lakini mwenye meza hukata ushuru katika fungu, yapata 5 kwa mia mahali pengi, kwa kikomo maalumu. Tukadirie ya kuwa hupata senti 1 kwa mkono, na mikono ni 60 kwa saa. Ikiwa hapana aongezaye fedha, baada ya saa 20 dola zote 12 zimeingia mfukoni mwake, na wale sita, werevu na wajinga, hawana kitu. Kwa hivyo meza haiishi ila kwa kuletewa fedha mpya, na aziletaye ni huyu achezaye kwa kupitisha wakati. Wenye ufundi humwita "samaki". Wao hucheza meza kadha kwa pamoja, na wana programu ziwekazo kumbukumbu ya killa mkono wa wenziwao. Yeye ametoka kazini, amechoka, ana simu moja.

Tena humo mna udanganyifu. Mwaka 2007 ilifichuka katika Absolute Poker ya kuwa palikuwa na mchezaji aliyekuwa akiziona karata za siri za wengine.

Ama hoja ya akili, hatukatai ya kuwa ufundi hudhihiri katika maelfu ya mikono. Lakini sharia haikuruhusu dau kwa killa ufundi. Hadithi ya Abu Hurayra imeweka zawadi katika ngamia, farasi na mishale. Na hatta humo, wanavyuoni wetu wa Kishafii wameshurutisha, ikiwa wote wawili wametoa mali, aingie wa tatu asiyetoa kitu. Poka iko wapi na hayo? Na udogo wa dau haufai kuwa hoja, kwani aya ya 90 ya Sura Al-Maida haikutaja kiwango. Aya inayofuata yataja uadui, na kuzuiliwa na dhikri na sala. Na mkono mmoja wa poka huisha kwa dakika moja, mwingine ukaanza pasi na adhana kupata nafasi.

Wametuuliza pia juu ya fedha zilizosalia mtandaoni. Rasilimali aliyoiweka mtu ni yake; aitoe na kuifunga hesabu. Faida ni mali ya watu, wakijulikana warudishiwe. Na kwa kuwa mezani hujificha nyuma ya majina ya kubuni, asiyeweza kuwajua awape masikini kwa nia ya kujivua, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka. Ikiwa yeye mwenyewe ni masikini, Imam Nawawi amenakili kutoka kwa Ghazali ya kuwa aweza kutwaa kadiri ya haja yake.